Saluni ya Kucha Iliyoungua Ikiwa na Bima: Uchambuzi wa Dai Moja la Sinza

Tangu Soko la Kariakoo liungue usiku wa Julai 10, 2021, wafanyabiashara wa Dar es Salaam wananiuliza swali lilelile: nikate bima au nisikate? Kisa hiki ni cha mtu aliyekuwa amekata. Ada alilipa. Hati yake ilionekana kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kampuni ilikuwa na leseni, moto ulikuwa wa kweli na hakuna aliyemtuhumu kuuwasha. Kampuni ikalipa. Hesabu zote zilipofungwa, mwenye saluni akabaki na deni.

Mimi niliitwa baada ya moto, nimsaidie kuandaa dai, kwa hiyo nyaraka zimepita mikononi mwangu. Jina lake, la benki na la kampuni nayaacha, na tarakimu nimezisawazisha kidogo ili hesabu ifuatike bila kikokotoo.

Fremu na kilichokuwamo

Ilikuwa fremu ya kupanga, Sinza, katikati ya duka la nguo na wakala wa miamala ya pesa. Ndani kulikuwa na viti viwili vya pedikyua vyenye beseni, meza tatu za kucha, mashine za kusagia, taa za jeli, kiyoyozi, runinga, sofa la wanaosubiri, na ukuta mzima wa rafu: rangi, jeli, poda ya akriliki na kimiminika chake, kucha za bandia, gundi, asetoni. Juu ya hayo alikuwa ameweka dari ya jipsamu, vigae, kaunta na kioo kirefu cha ukutani kwa fedha zake. Fremu za mjini hupokelewa zikiwa kuta nne na shata, mengine ni ya mpangaji.

Mkadiriaji wa hasara aliyetumwa na kampuni aliithamini mali hiyo kama ilivyokuwa siku ya moto, uchakavu ukiwa umeshaondolewa: vifaa na samani milioni 11, bidhaa milioni 5, matengenezo ya fremu milioni 9. Jumla shilingi milioni 25.

Bima ilikuwa ya milioni 10.

Kwa nini 10? Kwa sababu mkopo ulikuwa wa milioni 10. Hakuna aliyekaa chini kuhesabu viti wala taa. Benki iliweka sharti kwamba biashara ikatiwe bima ya moto, na kwa kuwa benki yenyewe ilikuwa wakala wa kampuni ya bima, afisa mikopo alivuta fomu palepale mezani, akaandika kiasi cha mkopo kwenye nafasi ya thamani ya mali, akaandika “saluni” kwenye aina ya biashara, na kwenye swali linalouliza kama kuna vitu vinavyoshika moto kwa urahisi akaweka alama kwenye “hapana”. Dada mwenye saluni akatia saini pale alipoonyeshwa. Ada kwa kiwango cha asilimia 0.25 ilikuwa shilingi 25,000, ikaongezwa VAT ya asilimia 18, ikawa 29,500. Ikakatwa kwenye mkopo. Nakala ya hati aliipata, akaiweka kwenye droo ya kaunta, na nakala hiyo nayo iliungua.

Nasisitiza jambo la fomu kwa sababu dai hili liliamuliwa siku ile, miezi minane kabla ya moto. Kilichofuata baadaye kilikuwa kusoma tu kilichokwisha kuandikwa.

Moto

Umeme ulikatika jioni, wasichana wakafunga na kuondoka, ekstensheni ikabaki imechomekwa na swichi iko juu. Umeme ulirudi usiku. Ripoti ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ilitaja hitilafu ya umeme kwenye soketi iliyo nyuma ya meza ya tatu. Kutoka hapo moto ulipanda kwenye rafu, na rafu ya saluni ya kucha si ya kuchezea. Asetoni hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata ikiwa na baridi kali chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukutane na cheche. Kimiminika cha akriliki na rangi zenyewe ni ndugu wa tabia hiyohiyo.

Majirani walivunja shata wakatoa walichoweza. Viti vilibaki, ni vizito. Mashine ndogo, runinga na boksi la jeli mpya zilitolewa zikiwa nzima, na hazikuonekana tena. Zimamoto walipofika walimwaga maji hadi duka la nguo la jirani.

Jinsi milioni 15 zilivyogeuka milioni 1.2

Orodha yake ya hasara ilikuwa shilingi milioni 18.2. Mkadiriaji alipunguza mara mbili. Kwanza vitu vilivyoibwa wakati wa uokoaji, milioni 1.2: hati yake, kama hati nyingi za moto za mtindo wa zamani, ilisema wazi kwamba wizi unaotokea wakati wa moto au baada yake haulipwi. Pili uchakavu, milioni 2, kwa sababu yeye aliandika bei za dukani za leo na hati haikuahidi kumnunulia vipya. Ikabaki hasara ya milioni 15 ambayo pande zote ziliikubali.

Nilipomwambia ajiandae kupata chini ya milioni 6, aliniangalia kama mtu anayetapeliwa mara ya pili. “Kaka, bima yangu si ya milioni kumi? Hasara kumi na tano. Basi wanipe hiyo kumi, tano nitajua mwenyewe.”

Hivyo ndivyo kila mtu anavyofikiri, na kwa akili ya kawaida hana kosa. Ila karibu kila hati ya bima ya moto ya biashara ina kipengele cha uwiano. Kinasema hivi: ukikatia bima sehemu tu ya thamani ya mali yako, basi kwa sehemu iliyobaki unahesabiwa kuwa wewe ndiye mtoabima wako mwenyewe, na kila hasara mtagawana na kampuni kwa uwiano huo. Mali ya 25 iliyokatiwa 10 ni asilimia 40. Asilimia 40 ya hasara ya milioni 15 ni milioni 6.

Kipengele hiki kina sababu yake. Moto mwingi haumalizi kila kitu, huchoma kona na kuzimwa. Kama kampuni ingelipa hasara ndogo zote kwa ukamilifu, hakuna mfanyabiashara mwenye akili ambaye angekatia mali yake yote, angekatia kona tu. Kiwango kile cha asilimia 0.25 kimepangwa kwa kudhani kwamba kinatozwa kwenye thamani nzima. Nakubali hoja hiyo. Nisichokikubali ni wakala kuandika tarakimu ambayo picha za fremu alizonazo kwenye faili zinaonyesha kuwa ni ndogo mno, kisha kipengele kimwangukie aliyesaini.

Tuendelee. Hati ilimtaka abebe mwenyewe asilimia 10 ya kila dai: 600,000. Ikabaki milioni 5.4. Kwenye hati, mlipwaji wa kwanza alikuwa benki, na mkopo uliobaki ulikuwa milioni 4.2. Hundi ikaenda benki, benki ikachukua chake, dada akapata milioni 1.2.

Sasa tuirudie hesabu hiyo kana kwamba fomu ilisema milioni 25. Hasara 15, toa asilimia 10, inabaki 13.5, toa mkopo, inabaki milioni 9.3 mkononi. Ada ingekuwa 62,500 na VAT yake, yaani 73,750. Nyongeza juu ya alicholipa ni shilingi 44,250 kwa mwaka.

Dumu la asetoni

Kabla hata ya hesabu hizo, dai lilikaribia kufa kabisa. Mkadiriaji alikuta mabaki ya dumu la lita tano kwenye kistoo cha nyuma, akapiga picha, na kwenye ripoti akaliweka sambamba na ile “hapana” ya kwenye fomu. Kampuni ikaandika barua fupi ikisema inaendelea na uchunguzi huku ikihifadhi haki zake zote. Anayepokea barua ya namna hiyo asiisome kama salamu. Maana yake ni kwamba kampuni inatafakari kukataa.

Msingi wake ni kanuni ya uaminifu wa hali ya juu. Sheria ya bima ya kwetu imekulia kwenye sheria ya Kiingereza, na huko kanuni hii huanzishiwa kwenye kesi ya Carter na Boehm ya mwaka 1766. Kwa mtindo wake wa zamani ni kali kuliko watu wanavyodhani: jambo la msingi likifichwa, mkataba wote unaweza kufutwa hata kama jambo lililofichwa halikusababisha hasara. Kwamba moto ulianzia kwenye soketi na si kwenye dumu, peke yake haikutosha kumwokoa. Waingereza wenyewe walilegeza ukali huo kwa sheria yao ya 2015, lakini hatuko Uingereza.

Ila watu huitaja kesi ya Carter wakiwa wameisahau nusu. Carter alikuwa gavana wa ngome ya Kiingereza huko Sumatra, akaikatia bima isitekwe, Wafaransa wakaiteka, mtoabima akagoma akidai hakuambiwa udhaifu wa ngome. Aliyeshinda ni Carter. Jaji Mansfield alisema mkatabima hana wajibu wa kumweleza mtoabima lile ambalo mtoabima mwenyewe analijua au alipaswa kulijua. Hapo ndipo tuliposimama. Wakala wa kampuni alikuwa benki. Benki ilikuwa na picha za fremu zilizopigwa wakati wa kukagua mkopo, rafu na chupa zinaonekana, na kwenye maombi ya mkopo yaliyo ndani ya faili hilohilo biashara ilielezwa kwa maneno yaliyo wazi: kutengeneza kucha, kuuza rangi na vifaa vya kucha. Anachokijua wakala katika kazi ya uwakala, kampuni inahesabiwa kukijua. Na hakuna saluni ya kucha duniani isiyo na asetoni.

Tulipeleka nakala za picha na maombi yale, na barua ikataja kwamba tukikwama tutakwenda Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kampuni iliachana na hoja ya dumu bila kueleza. Sidai kwamba barua yetu ilikuwa ya kishujaa, dumu lilikuwa la lita tano. Lingekuwa pipa la kuuzia saluni nyingine kwa jumla, nisingethubutu kusema kampuni ilipaswa kulijua.

Mama wa duka la nguo

Siku ya tatu baada ya moto, mama mwenye duka la nguo alikuja na daftari. Alisema kwa upole, “Mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe, lakini moto umetoka kwako.” Moshi na maji vilikuwa vimemharibia nguo za shilingi milioni 3. Hakuwa na bima yoyote.

Watu wawili wema, na kati yao swali gumu la kisheria. Moto kutoka kwako hakukufanyi uwe mdaiwa moja kwa moja, mlalamikaji lazima aonyeshe uzembe. Kuacha ekstensheni imewashwa usiku kwenye chumba chenye kemikali za kucha, je, ni uzembe? Wakili mzuri angebishana pande zote mbili. Lakini hapa hapakuwa na wakili. Walikaa ofisi ya serikali ya mtaa, dada akakubali kumlipa nusu, milioni 1.5, kwa awamu. Milioni 1.2 aliyopokea iliishia humo, na ya ziada, 300,000, alitafuta kwingine.

Bima ya moto hulinda mali yako. Mali ya jirani, na mwili wa mteja, vinalindwa na bima nyingine, ya dhima kwa watu wengine. Angekuwa nayo, kampuni ingebeba ubishi ule na gharama zake. Ila ingemzuia pia kufanya alichofanya: hati za dhima hukataza kukiri kosa au kuahidi malipo kabla ya kampuni kuridhia. Ukishasema “nitakulipa mama” mbele ya mwenyekiti wa mtaa, umeipa kampuni sababu ya kujitoa. Kwa watu tunaoishi ukuta kwa ukuta na kuzikana, hilo ni sharti zito, na mteja aambiwe mapema kuliko kulisoma siku ya msiba.

Mwenye nyumba naye alikuwa na bima ya jengo, akatengenezewa paa. Wapangaji wengi husikia hivyo wakapumua, kumbe kampuni iliyomlipa mwenye nyumba huingia kwenye viatu vyake na inaweza kumdai aliyesababisha. Madai ya madhara ya namna hiyo yana muda wa miaka mitatu. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye mkataba wa pango, kwamba mwenye nyumba na kampuni yake hawatamdai mpangaji kwa moto usio wa makusudi, na kampuni ya mwenye nyumba iarifiwe. Mkataba wa dada haukuwa na mstari huo. Kodi ya pango ya miezi sita alikuwa ameshalipa, minne kati ya hiyo ilikuwa bado haijatumika, na haikurudi.

Hatari ambazo moto haukuzigusa

Nikiishia kwenye moto nitakuwa nimeandika juu ya duka lolote. Kucha zina mambo yake. Gundi ya kucha ikidondokea kwenye kitambaa cha pamba hupata moto wa ghafla na inaweza kuunguza ngozi kupitia nguo. Akriliki na jeli huwaletea baadhi ya watu mzio unaovimbisha vidole, na mzio ukishaingia hautoki. Mteja mwenye kisukari anaweza kuingia kwa pedikyua, akakwaruzwa kidogo tu, na jeraha la mguu wa mgonjwa wa kisukari linaweza kuishia kukatwa. Kuna pia kimiminika cha bei rahisi chenye methili methakrilati, ambacho Marekani ilianza kukipiga vita kwenye kucha tangu miaka ya 1970 na bado kinazunguka masokoni kwa chupa zisizo na maandishi.

Bima ya kawaida ya dhima humlipa mteja aliyeteleza kwenye maji ya beseni. Huyo wa gundi, wa mzio au wa kisukari mara nyingi haimgusi, kwa sababu hati huondoa madhara yanayotokana na huduma yenyewe. Inabidi kuomba kipengele hicho kiongezwe, kwa maandishi, kikitaja kazi moja moja: jeli, akriliki, pedikyua. Kampuni nyingi zitauliza kama wapaka kucha wana mafunzo na kama mteja huulizwa afya yake. Fomu ya maswali matano ya kuulizia kisukari, mzio na ujauzito ni bure, na siku ya dai ina thamani kuliko cheti ukutani.

Wasichana wake watatu walilipwa kwa asilimia ya kazi, na kwa hiyo yeye aliamini si wafanyakazi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamdhania mtu kuwa mwajiriwa anapofanya kazi chini ya uelekezi wako, kwa vifaa vyako, akikutegemea kwa riziki. Mwajiri wa Tanzania Bara hana hiari kuhusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na mchango ni asilimia 0.5 ya mishahara. Usiku ule hawakuwemo ndani. Wangekuwemo, makala hii ingekuwa na sura nyingine.

Hati mpya

Alifungua tena mtaa wa pili, kwa udogo. Tuliorodhesha kila kitu na picha, risiti zikapigwa picha na kutunzwa kwenye barua pepe, si kwenye droo. Aina ya biashara imeandikwa “saluni ya kucha: jeli, akriliki, pedikyua na uuzaji wa vifaa”. Kwenye swali la vitu vinavyoshika moto tuliandika “ndiyo”, asetoni isiyozidi lita tano ndani ya kabati la chuma. Kampuni ilidai kizima moto na swichi kuu izimwe usiku, ada haikupanda. Thamani iliyoandikwa ni thamani nzima, na sehemu ya benki imetajwa kuwa ni kiasi cha mkopo uliobaki tu. Dhima kwa watu wengine ipo, pamoja na madhara ya huduma. Wizi wa kuvunja upo. Wasichana wameandikishwa WCF.

Alichokataa ni bima ya mapato, ile ambayo ingemlipa faida iliyopotea kwa miezi ambayo saluni imefungwa. Nilimsukuma, kwa sababu mara ile alikaa bila kazi muda mrefu na wateja wakahamia kwa wengine. Akanijibu, “Kaka, hayo mapato utayathibitishia wapi? Daftari langu nalijua mimi.”

Alikuwa ameniwahi. Mkadiriaji wa dai la mapato haanzi na maneno, anaanza na karatasi, na karatasi ya kwanza atakayoiomba ni makadirio ya kodi uliyopeleka TRA, mamlaka ya mapato. Biashara yenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka hukadiriwa kodi kwa mauzo, na wengi wetu tunajua mauzo hayo hutajwa kwa sauti ya chini. Tarakimu ile ndiyo itakayokuwa dari ya fidia. Kulipia bima ya mapato ya milioni tatu kwa mwezi huku TRA wanajua milioni moja ni kulipia ada ya milioni mbili zisizolipika. Kwa hiyo mambo ni mawili: daftari libadilike, au kipengele kiachwe. Ameamua kukiacha, na kwa daftari alilonalo sasa sikuwa na hoja ya kumpinga.